Madoa meusi ya ngozi: yaelewe kwanza, dawa baadaye

Ingia duka lolote la vipodozi useme una madoa usoni. Muuzaji hatakuuliza yalianzaje. Atakuwekea kopo mezani, na pengine la pili la kuchanganyia. Ndiyo maana watu wengi humaliza mwaka mzima wakinunua, na madoa yako palepale au yameongezeka: wanahangaika na doa wakati kilicholileta bado kinaendelea na kazi yake. Ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja. Hapa tutakwenda kwa mpangilio mwingine. Utalitambua doa lako, utazima chanzo, utajikinga na mwanga, utakagua kabati lako, na dawa itakuja mwisho.

Doa linatoka wapi

Rangi ya ngozi ni melanini, na melanini hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zilizo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Mtu mweusi na mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Tofauti ni kazi zinazofanya: za mtu mweusi hutoa rangi nyingi zaidi, na hiyo ni kinga ya kweli dhidi ya jua. Lakini seli zenye bidii namna hiyo hushtuka upesi. Ngozi ikiungua, ikichubuka, ikitoa kipele au ikikunwa sana, humwaga rangi kupita kiasi. Kipele kinapona, rangi inabaki.

Rangi iliyobaki kwenye tabaka la juu huonekana ya kahawia au nyeusi, na ina matumaini. Tabaka hilo hujibadilisha kila baada ya mwezi hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo doa hupauka taratibu, mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 12, mradi lisichokozwe tena. Rangi ikizama kwenye tabaka la ndani, doa huwa la kijivu au lenye samawati kwa mbali, na hapo hesabu ni ya miaka. Simama dirishani mchana, ujitazame kwenye kioo bila kuwasha taa. Ukijua rangi ya doa lako, ahadi ya kung'aa ndani ya siku saba haitakusumbua tena.

Hatua ya 1: Angalia doa lilipo na lilivyokaa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Mahali doa lilipo huonyesha lilikotoka.

Vidoa vidogo vilivyotawanyika mashavuni, kidevuni, mgongoni au kifuani ni makovu ya rangi ya chunusi. Vikiwa shingoni na chini ya kidevu kwa mwanamume anayenyoa, ni vipele vya ndevu: nywele iliyojikunja imeota kurudi ndani ya ngozi. Vikiwa miguuni kwa mtoto, fikiria mbu, viroboto au upele.

Mabaka mapana yanayofanana kushoto na kulia, juu ya mashavu, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, ni melazma. Hii huwapata zaidi wanawake. Huja wakati wa ujauzito, au kwa anayetumia vidonge vya majira na njia nyingine za homoni, au kwa sababu tu mama na shangazi walikuwa nayo. Jua huizidisha, na joto pia, kwa hiyo mama lishe anayeinamia jiko la mkaa kutwa nzima ana sababu mbili. Ya ujauzito mara nyingi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua, ingawa si kwa kila mtu. Ule mstari mweusi unaoshuka tumboni hauhitaji chochote, huondoka wenyewe.

Shingo kuwa nyeusi kwa nyuma, ngozi ikiwa nene, laini na yenye mikunjo, pengine na makwapa vilevile, mara nyingi ni dalili kwamba mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari. Watu huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, na watoto wanene hutaniwa shuleni kwamba hawaogi. Sabuni haiwezi kitu hapo. Pima sukari, punguza uzito kama umezidi, na shingo itaanza kufunguka yenyewe.

Kuna doa ambalo huku kwetu linaonekana sana na watu hawalitambui: duara jeusi, mara nyingi moja au machache, mdomoni, mkononi au sehemu za siri, linalowasha na kuiva upya palepale kila unapomeza dawa fulani. Dawa zenye salfa, kama kotrimoksazoli ambayo wengi huiita Septrini, ni miongoni mwa wahusika wakubwa. Baadhi ya dawa za maumivu nazo zimo. Ukijikamata na duara la namna hiyo, andika jina la dawa uliyomeza siku mbili tatu kabla na umwambie mhudumu wa afya. Usijaribu kuimeza tena ili kuhakikisha. Na kama ni dawa uliyoandikiwa uitumie kila siku, usiiache kimyakimya, rudi wakubadilishie.

Weusi wa magotini, viwiko na mapajani ni wa msuguano. Michoro ya kahawia kama wavu kwenye miguu ya wanaoota moto kila jioni huko Njombe au kwenye nyanda za juu za Kenya ni ya joto la jiko. Ukikaa mbali kidogo hupungua, ingawa polepole. Michirizi isiyoeleweka mikononi au shingoni? Jiulize kama ulikamua ndimu ukatoka juani, au ulijipulizia manukato shingoni. Maji ya ndimu na limau yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi za wiki nyingi. Na piko nyeusi ya harusini, ile inayokauka haraka kwa kuwa ina rangi ya nywele ndani yake, inaweza kutoa malengelenge kwa asiyeelewana nayo, na ua zuri la mkononi likabaki kama doa kwa miezi. Hina ya majani matupu haina shida hiyo.

Vile vidutu vyeusi vidogo vilivyoinuka mashavuni, ambavyo huongezeka kadiri umri unavyokwenda na vinaonekana kwa babu na bibi wa ukoo mmoja, si madoa. Hakuna krimu inayoviondoa. Havina madhara, na daktari wa ngozi anaweza kuviunguza ukitaka.

Hatua ya 2: Zima chanzo

Kama chanzo ni chunusi, tibu chunusi, na uache kutumbua. Kipele kilichotumbuliwa kwa kucha huacha doa kubwa na jeusi kuliko kilichoachwa kikauke. Benzoili peroksidi ya asilimia 2.5 au 5 inapatikana katika maduka ya dawa na inatosha kwa chunusi nyingi za kawaida. Anza mara moja kwa siku, na uiweke mbali na kanga na taulo za rangi maana huzipausha. Punguza pia mafuta mazito usoni. Mafuta ya nywele yanayotiririka hadi kwenye paji la uso yana mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa waliosuka.

Mwenye vipele vya ndevu aache kunyoa mpaka kwenye mzizi. Mashine inayoacha kinyweleo kifupi ni bora kuliko wembe. Nyoa kuelekea nywele zinakolala, usivute ngozi, na mwambie kinyozi akubakizie milimita moja hivi. Ile spiriti anayokupaka mwishoni, inayokufanya uume meno, inawasha ngozi iliyokwisha kujeruhiwa. Mwombe akusafishie mashine kabla badala yake. Ukiweza kufuga ndevu kwa mwezi au miwili, ngozi itatulia kabisa.

Dodoki gumu, jiwe la kisigino lililohamia magotini, na vile vitambaa vya nyavu vinavyosugua hadi ngozi ing'ae, viweke kando. Mikono inatosha, au kitambaa laini. Najua ushauri huu haupendwi, tumelelewa tukiamini kuoga bila kusugua si kuoga. Lakini goti linalosuguliwa kila siku haliwezi kupauka.

Kwa kuumwa na wadudu, kinga ni chandarua na mikono mirefu jioni, na kuzuia kujikuna. Upele unaowasha usiku na kuambukiza nyumba nzima unahitaji dawa ya nyumba nzima siku moja, pamoja na kufua mashuka, vinginevyo utazunguka.

Aliye na melazma na anatumia vidonge vya majira azungumze na mtoa huduma ya uzazi wa mpango kuhusu njia isiyo ya homoni, kama kitanzi cha shaba. Usiache vidonge kwa hasira ya madoa bila mbadala mkononi.

Hatua ya 3: Jikinge na mwanga, si jua kali tu

Watu wenye ngozi nyeusi huambiwa hawahitaji kujikinga na jua. Kwa kuungua na kubabuka, kweli tunastahimili zaidi. Kwa madoa, hapana. Jua huliambia kila doa liendelee kuwa jeusi, na tunaishi chini ya ikweta au karibu nayo, ambako saa sita mchana mionzi ya urujuanimno huwa kali karibu mwaka wote. Miji ya juu kama Nairobi inapata zaidi, kwa kuwa mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya Julai isikudanganye, wala mawingu mepesi.

Cha bei nafuu ni kivuli. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, tembea upande wenye kivuli, vaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana, beba mwavuli. Kepi hufunika paji la uso na kuacha mashavu, yaani inaacha palepale melazma inapopenda kukaa. Kwenye daladala, kiti cha dirishani si kivuli: kioo huzuia sehemu moja ya mionzi na kupitisha nyingine inayotia madoa. Madereva wetu hukaa kulia, na wanaoendesha safari ndefu mara nyingi utaona shavu la kulia limekolea kuliko la kushoto.

Losheni ya kuzuia jua ndiyo inayofuata. Chagua SPF (namba ya kinga iliyoandikwa kwenye kopo) 30 au zaidi, yenye maelezo kwamba inazuia pia mionzi ya UVA, ile inayopenya kioo. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile inayobabua ngozi, na SPF 50 karibu asilimia 98, kwa hiyo usijinyime chakula kwa ajili ya namba kubwa. Kinachopunguza nguvu yake ni kupaka kidogo. Kamulia mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, au ukishatoka jasho jingi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kwa ngozi nyeusi, mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao hutia madoa, na losheni zisizo na rangi haziuzuii. Zinazouzuia ni zile zilizotiwa rangi ya ngozi kwa oksidi ya chuma. Mwenye melazma atafute hizo, na kama bei inamshinda, fondesheni au poda yenye oksidi ya chuma juu ya losheni ya kawaida inasaidia. Losheni hizo pia hazimwachi mtu na ule weupe wa majivu unaofanya wengi wetu tuzichukie. Aliyekosa vyote asikate tamaa: kofia na kivuli havina SPF lakini hufanya kazi kubwa.

Hatua ya 4: Kagua kabati lako

Toa makopo yote unayopaka, na usome maandishi madogo. Kama kopo halina orodha ya viambato, au umenunua mchanganyiko uliopimwa kwa kijiko saluni, huo ni mkorogo, hata ukipewa jina la kupendeza. Ndani yake huwa na kimojawapo kati ya vitu vitatu, wakati mwingine vyote.

Cha kwanza ni zebaki. Kwenye kopo huandikwa "mercury", "calomel", "mercuric" au "mercurous chloride", au isiandikwe kabisa. Dalili moja ya ajabu ni onyo kwamba usiguse dhahabu, fedha au aluminiamu ukiwa umepaka. Zebaki huharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo waliolazwa Hospitali ya Kenyatta. 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni baada ya 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana viondoke vyote kufikia 2025. Bado vinauzwa. Na zebaki haibaki kwa mpakaji peke yake: iko kwenye taulo, kwenye mto, na kwenye shavu la mtoto unayembusu.

Cha pili ni haidrokwinoni, "hydroquinone" kwenye kopo. Hii ni dawa halisi ya madoa, na daktari akiisimamia kwa miezi michache inasaidia. Ikipakwa kiholela kwa miaka huleta kinyume chake: weusi wa samawati mashavuni na pembeni mwa macho, wenye vipunje, ambao ni mgumu mno kuondoa. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975. Mwenye hali hiyo huona amezidi kuwa mweusi, basi anaongeza kipimo, na mzunguko unaendelea.

Cha tatu ni krimu za steroidi kama klobetasoli na betamethasoni. Zimeundwa kwa ajili ya pumu ya ngozi na magonjwa ya aina hiyo. Usoni hung'arisha upesi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu baada ya muda ngozi huwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinalipuka, michirizi inatokea, na fangasi hujificha chini yake zikisambaa.

Limau, magadi, dawa ya meno, jiki: vyote viondoke kwenye orodha. Liwa na manjano ya kupikia ni suala jingine. Kwa anayezizoea ngozi haiwashwi, na ni starehe nzuri ya wikiendi, lakini usizitegemee kuondoa madoa.

Hatua ya 5: Sasa dawa, moja kwa wakati

Kama umefika hapa umezima chanzo na una kofia, nusu ya kazi imekwisha. Ninachokipendelea kwa mtu wa kwetu ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, asubuhi na usiku. Inatibu chunusi na doa kwa pamoja, haipaushi ngozi ya kawaida inayozunguka doa, na ni miongoni mwa chache zinazokubalika kwa mjamzito. Huwasha kidogo wiki za mwanzo. Niasinamidi ya asilimia 4 au 5 ni pole zaidi na hupatikana kwa urahisi. Adapalini ya usiku ni nzuri kwa mwenye chunusi na madoa, ila mjamzito au anayetafuta mtoto asiiguse.

Jaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa. Kisha anza usiku mmoja mmoja kwa kuruka, juu ya ngozi iliyokauka, ukifuatisha mafuta mepesi yasiyo na manukato. Ngozi ikibabuka au kuwaka, simama. Dawa kali inayounguza huleta madoa mapya, na hapo umerudi hatua ya kwanza kwa gharama yako. Usichanganye tatu kwa pamoja ili ziende haraka. Hutajua ipi imekudhuru.

Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, saa ileile, bila urembo wa simu. Kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko. Ipe dawa wiki 12 kabla ya kuihukumu.

Doa lisilongoja

Ngozi nyeusi hupata saratani ya melanoma kwa nadra, lakini ikitupata hupenda mahali tusipotazama: wayo, kiganja, chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Watu wazima wengi wenye ngozi nyeusi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na hiyo ni kawaida. Mstari mmoja mpya unaopanuka, au weusi uliovuka kucha ukaingia kwenye ngozi, si kawaida. Vivyo hivyo doa la wayo linalokua, lenye kingo zisizo sawa, linalotoka damu au kidonda kisichopona. Madoa ya zambarau au meusi yaliyovimba, ambayo hayawashi, kwenye miguu au kaakaa la mdomo, yanahitaji kuonwa mapema, pamoja na kipimo cha VVU, maana yanaweza kuwa saratani ya Kaposi. Na baka lolote lisilohisi mguso, liwe jeusi au lililopauka, lipelekwe kupimwa ukoma, ambao unatibika na dawa zake hutolewa bure.

Mikoani daktari bingwa wa ngozi ni adimu, lakini uliza hospitali ya mkoa kama ina ofisa tabibu wa ngozi. Wengi wao wamesomea kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1992, na madoa kama haya ni kazi yao ya kila siku.

Siku ya kwenda, usijipake chochote usoni. Weka kwenye mfuko makopo yote unayotumia, hata yale yasiyo na maandishi na yale unayoona aibu kuyatoa, pamoja na majina ya vidonge na sindano za miezi ya karibuni. Na kama umepaka krimu ya steroidi kwa muda mrefu, usiikate ghafla kabla ya miadi: uso unaweza kuvimba na kuwaka kwa wiki kadhaa. Waambie wakupangie namna ya kuishusha.